Mzigo wa Kueleweka: Historia ya Mawasiliano ya Kibiashara Baina ya Tamaduni

Mawasiliano baina ya tamaduni katika biashara, yaani namna watu waliokulia katika lugha, desturi na taratibu tofauti wanavyoelewana wanapouziana bidhaa, wanapoajiriana au wanapoendesha kampuni kwa pamoja, hufundishwa leo katika vyuo vya menejimenti kama taaluma iliyokomaa, yenye istilahi zake, vipimo vyake na washauri wanaolipwa kwa ajili yake. Umri wa taaluma hiyo hauzidi miaka 80, ilhali shughuli inayoichunguza ni ya karne nyingi. Linalohitaji kuelezwa ni kwa nini watu waliofanya biashara ng'ambo muda mrefu bila nadharia walianza kuihitaji katikati ya karne ya 20, na kwa nini nadharia hiyo ilichukua sura iliyo nayo.

Historia hii ikifuatwa hatua kwa hatua, hudhihirika kwamba wageni wanapokutana kibiashara pana mzigo wa kueleweka: kujifunza lugha ya mwenzio, kubadili mwenendo, kumlipa mkalimani, na kubeba hasara pale maneno yanapopishana. Mzigo huo haugawanywi sawa, bali aghalabu humwangukia asiye na nguvu. Taaluma ya mawasiliano baina ya tamaduni ilizaliwa, na mara kwa mara ikabadilika, pale mwenye mtaji alipojikuta akimhitaji mtu asiyelazimika kumfuata.

Wenyeji, mawakala na madalali: karne ya 1 hadi 1884

Miongoni mwa maandishi ya kale zaidi kuhusu pwani ya Afrika Mashariki ni Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1. Ukielezea soko la Rhapta, mwongozo huo unasema kwamba wafanyabiashara wa Muza, bandari ya Yemen, walipeleka huko manahodha na mawakala Waarabu waliozoeana na wenyeji, waliooa kwao na waliojua lugha yao. Ingawa maandishi hayohayo yanamtaja mtawala wa Yemen aliyedai haki ya kale juu ya soko hilo, ni wazi kwamba dai la mbali halikutosha kuzifikisha pembe za ndovu bandarini, na aliyezitaka alilazimika kupeleka watu ambao wenyeji wangeweza kuwaamini kama jamaa.

Karne nyingi baadaye utaratibu huo ulikuwa umekwisha kuwa kanuni ya mji. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba jahazi lilipotia nanga vijana wa mji walilifuata kwa mashua, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula, na kila mmoja akajichagulia mfanyabiashara mmoja kuwa mgeni wake. Mfanyabiashara huyo alifikia kwa mwenyeji wake, ambaye alimuuzia na kumnunulia bidhaa, na mauzo yaliyofanywa kwa bei ya dhuluma au bila mwenyeji kuwapo hayakutambuliwa. Aliyekwisha kuuzoea mji na kufahamiana na watu wake ndiye pekee aliyekuwa huru kufikia alikotaka. Kanuni hiyo ilikiri kwamba ujinga wa mgeni unaweza kugeuzwa mtaji na wajanja, na ikamkabidhi mwenyeji dhamana ya kulizuia hilo, naye akipata faida yake kwa uwakala. Biashara ya mji mzima ilitegemea sifa ya uaminifu, na sifa hiyo ingeharibiwa na mgeni mmoja aliyeondoka akilalamika.

Katika karne ya 19, Zanzibar ya Seyyid Said bin Sultan iliukuza mfumo huo kufikia upeo wake. Mkataba wa mwaka 1833 uliwaruhusu Wamarekani kufanya biashara katika bandari za Sultani kwa ushuru wa asilimia 5 ya bidhaa walizoteremsha, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Massachusetts, akawasili kuwa konseli. Waters alitambua upesi kwamba mkataba peke yake haukumfikisha kwa wauzaji, akashirikiana na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodishiwa forodha na Sultani, ambaye mikononi mwake zilipita habari za bei, mikopo na mahitaji ya soko. Kuanzia hapo ulienea mnyororo ambao kila kiungo chake kilielewana na jirani yake tu: Mmarekani na mfadhili wa Kihindi, mfadhili na mwenye msafara Mwarabu au Mswahili, mwenye msafara na watemi na wapagazi wa Unyamwezi. Kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, kilichopewa jina la merikani, kilifika Tabora na kwingineko bara bila mfumaji wake kujua neno moja la lugha za huko.

Hata hivyo, matakwa ya bara yalirudi hadi pwani na kuwafunga wenye mtaji. Shanga zilizopendwa katika nchi moja zilikataliwa katika nchi ya pili, na mwenye msafara aliyebeba rangi au ukubwa usiotakiwa aliweza kukwama njiani akiwa na mali asiyoweza kununulia hata chakula cha wapagazi wake. Kwa hiyo maagizo yaliyopelekwa Ulaya na Marekani yaliongozwa na uchaguzi wa wanunuzi ambao watengenezaji hawakuwahi kuwaona. Tofauti ya tamaduni ilikuwa kubwa kuliko ilivyo katika kampuni nyingi za leo, lakini haikuhitaji nadharia, kwa sababu madalali waliimeza ndani ya faida yao.

Amri badala ya mapatano: 1884 hadi 1945

Mgawanyo wa Afrika uliofuata Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 uliuvunja uwiano huo, kwa maana mgeni aliyekuja sasa alikuwa na bunduki, kodi na mahakama. Dola za kikoloni hazikupuuza lugha. Mwaka 1887 Ujerumani ilianzisha jijini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, ambamo maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokusudia kwenda Afrika Mashariki walifundishwa Kiswahili. Miongoni mwa wasemaji wazawa walioajiriwa huko alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake na ya wenzake kuhusu mila za pwani yalikusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Wazawa hao walifanya kazi chini ya uongozi wa wasomi wa Kijerumani, na maarifa yao yaligeuzwa kuwa nyenzo ya kutawala.

Uingereza iliyoshika Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliendeleza jambo hilo kwa njia yake, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya maeneo manne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ili kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa lahaja ya Kiunguja. Katika mashamba ya walowezi wa Kenya, kwa upande mwingine, kilitumika Kisetla, namna ya Kiswahili kilichopunguzwa hadi kubaki amri na karipio. Mwajiri aliyeweza kumtoza faini au kumfukuza mtumishi hakuwa na sababu ya kujiuliza kama ameeleweka vizuri, kwa kuwa kutoelewana kulihesabiwa kuwa kosa la anayeamriwa. Karani, mkalimani na mnyapara ndio waliobeba mzigo huo, wakifasiri matakwa ya bwana kwa watu na malalamiko ya watu kwa bwana, huku wakilaumiwa na pande zote mbili. Kwa muda wote huo hapakutokea taaluma ya namna meneja anavyopaswa kubadilika, kwani aliyekuwa na uwezo wa kuigharimia hakuihitaji.

Washington yajifunza kukaa kimya: 1946 hadi 1961

Vita vya Pili vya Dunia vilibadili hesabu hiyo. Marekani ilitoka vitani ikiwa na uchumi mkubwa kuliko wote, ikikabiliana na Umoja wa Kisovyeti katika kugombea urafiki wa nchi zilizokuwa zikijikomboa, na ikilazimika kuwashawishi watu ambao haikuwa ikiwatawala. Sheria ya Utumishi wa Nje ya mwaka 1946 ilifungua njia ya kuanzishwa, mwaka 1947, kwa taasisi ya mafunzo ya watumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje jijini Washington. Miaka miwili baadaye, katika hotuba ya kuapishwa kwake, Rais Harry Truman alitangaza kama jambo la nne mpango wa msaada wa kiufundi kwa nchi maskini. Mpango huo ulipeleka ng'ambo wahandisi, mabwana shamba na wataalamu wa afya ambao wengi wao hawakuwahi kuishi nje ya nchi yao.

Kuandaa watu hao ilikuwa kazi ya Edward T. Hall, mwanaanthropolojia aliyefundisha katika taasisi hiyo kuanzia 1951 hadi 1955. Katika miaka ya 1930 Hall alikuwa amefanya kazi katika maeneo ya Wanavajo na Wahopi, na wakati wa vita alikuwa ofisa katika kikosi cha askari Wamarekani weusi, kwa hiyo aliujua mkwaruzano wa tamaduni kabla ya kuuandikia. Wanafunzi wake hawakuwa na subira ya kusikiliza mihadhara juu ya ukoo na matambiko, kwani walikuwa na majuma machache tu kabla ya kusafiri na walitaka kujua la kufanya watakapofika. Akishirikiana na mwanaisimu George Trager, Hall aliacha kuuelezea utamaduni mzima na kuanza kuchunguza mambo madogo ambayo watu huyafanya bila kuyafikiria: mgeni husubirishwa muda gani kabla ya kuona ametukanwa, watu wawili husimama kwa umbali gani wanapozungumza, na mapatano huhesabiwa kuwa yamefungwa katika hatua ipi. Kwa kuwa wanaisimu walikwisha onyesha kwamba lugha huchambulika kwa sauti zake ndogondogo, yeye alidhani kwamba mwenendo nao ungechambulika vivyo hivyo.

Kitabu chake The Silent Language kilichapishwa mwaka 1959, na mwaka uliofuata makala yake katika jarida la Harvard Business Review iliyaingiza mawazo hayo katika ulimwengu wa kampuni kwa kutaja nyanja tano ambazo wafanyabiashara hupishana bila kutamka neno: muda, nafasi, mali, urafiki na makubaliano. Baadaye, katika kitabu cha mwaka 1976, alitofautisha jamii ambazo maana nyingi hubebwa na mazingira ya mazungumzo, uhusiano wa wasemaji na yale yasiyosemwa, na zile ambazo maana hutarajiwa kuwa ndani ya maneno yenyewe. Tofauti hiyo, inayoitwa ya muktadha mzito na muktadha mwepesi, ingali inafundishwa hadi leo.

Wakati huohuo hofu ya kisiasa iliipa elimu hiyo wateja. Riwaya The Ugly American ya mwaka 1958 iliwachora wanadiplomasia wa Kimarekani kama watu wasiojua lugha za nchi walizopelekwa, ikasomwa sana na wanasiasa, na mwaka 1961 Rais John F. Kennedy akaunda Peace Corps, shirika la vijana wa kujitolea. Mradi wake wa kwanza kutangazwa ulikuwa wa kupeleka wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia Tanganyika, nao walijifunza Kiswahili kabla ya kwenda kushughulikia barabara za nchi iliyokuwa ikielekea uhuru. Kama miaka 30 tu baada ya Kamati ya Lugha, raia wa taifa lenye nguvu kuliko yote walikuwa wakiombwa wajifunze lugha ya watu ambao serikali yao haikuwa na mamlaka juu yao.

Hojaji na reli: 1967 hadi 1980

Mbinu ya Hall ilitegemea uangalifu wa mtu aliyekaa na watu na kuwatazama, jambo ambalo kampuni yenye matawi katika nchi kadhaa haikuweza kulifanya kila mahali. Kampuni hizo zilitaka kitu kinacholinganishika, na aliyewapatia ni Geert Hofstede, mhandisi wa Kiholanzi aliyegeukia saikolojia ya kazi na kujiunga mwaka 1965 na IBM, kampuni ya Kimarekani ya kompyuta, kusimamia utafiti wa watumishi wake barani Ulaya. Kati ya 1967 na 1973 kampuni hiyo ilikusanya hojaji zipatazo 116,000 kuhusu maoni ya wafanyakazi wake. Hofstede aliona humo nafasi adimu: wajibuji walifanya kazi za aina moja chini ya mwajiri mmoja, hivyo tofauti za majibu baina ya nchi zingeweza kuhusishwa na utaifa wao.

Kitabu chake Culture's Consequences cha mwaka 1980 kilizipima nchi 40 kwa vigezo vinne: kiasi ambacho walio chini hukubali ukubwa wa walio juu, alichokiita umbali wa madaraka, kiasi ambacho mtu hujitazama kama nafsi inayojitegemea au kama sehemu ya kundi, uzito unaopewa ushindani ukilinganishwa na kujali wengine, na kiasi ambacho watu huepuka hali zisizotabirika. Kwa mara ya kwanza meneja aliweza kuulizwa anakwenda nchi gani na kuoneshwa namba. Mafanikio ya kitabu hicho katika vyuo vya biashara yalitokana hasa na urahisi huo.

Hesabu zilipopanuliwa baadaye, nchi ambazo wajibuji wake walikuwa wachache mno ziliunganishwa kuwa kanda. Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zikawa kitu kimoja kilichoitwa Afrika Mashariki, chenye alama 64 za umbali wa madaraka na 27 za kujitegemea, huku Marekani ikiwa na 40 na 91. Ikikumbukwa kwamba takwimu hizo zilikusanywa wakati Ethiopia ikiwa chini ya Mfalme Haile Selassie, Tanzania ikiwa imetangaza Azimio la Arusha na kutaifisha mabenki mwaka 1967, na Kenya ikifuata njia ya ubepari, hudhihirika kwamba namba moja ilifunika mifumo iliyopingana ya kufikiri juu ya madaraka, mali na kazi. Aidha, waliojibu walikuwa watumishi wa kampuni ya kigeni ya kompyuta, kundi dogo lililo mbali na mkulima wa Sumbawanga na hata na karani wa shirika la umma mjini Dar es Salaam. Licha ya hayo, alama hizo zilinakiliwa katika vitabu vya kiada kwa miongo iliyofuata, na wanafunzi wa Kiafrika wakazisoma kama maelezo juu yao wenyewe.

Katika miaka hiyohiyo, mamia ya kilomita za Tanzania na Zambia zilikuwa uwanja wa ushirikiano ambao hakuna hojaji iliyoupima. Ujenzi wa reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ulianza mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975, baada ya wafadhili wa Magharibi kuukataa mradi huo na China kuukubali kwa mkopo usio na riba. Maelfu ya mafundi wa Kichina walifanya kazi pamoja na maelfu ya Watanzania na Wazambia, huku wakalimani wakiwa wachache kuliko mahitaji, kwa hiyo mafunzo mengi yalipitia vitendo, fundi akifanya na mwanagenzi akiiga hadi kazi ikae mkononi. Beijing ilikuwa imejiandaa kwa kiasi fulani, kwa kuwa redio yake ya kimataifa ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, lakini mafundi waliopelekwa porini hawakuwa wanaisimu. Sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za Kichina madukani Tanzania na Zambia, jambo lililoufanya mradi utegemee pia ridhaa ya wanunuzi wa kawaida.

Mafunzo ya vitendo yalikuwa na mipaka yake. Kutandika reli huonekana kwa macho, ilhali kuendesha shirika, kutunza vipuri na kupanga mapato ni kazi ya maandishi, hesabu na mabishano, ambayo haiwezi kuigwa kwa kutazama. Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976 na matatizo ya uendeshaji kujitokeza, ilionekana kwamba kuelewana kwenye kazi ya mikono hakukuhamia moja kwa moja kwenye kuelewana kwenye menejimenti.

Mwanafunzi ageuka mwalimu: 1980 hadi 1992

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 wasomi wengi wa menejimenti waliamini kwamba tofauti za tamaduni ni vikwazo ambavyo mbinu za Kimarekani zinapaswa kuviruka. Imani hiyo ilitikiswa na magari ya Kijapani, yaliyokuwa yakiuzwa Marekani kwa wingi baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Mwaka 1981 William Ouchi alichapisha kitabu kilichopendekeza kwamba kampuni za Marekani zijifunze kutoka Japani mambo kama ajira ya muda mrefu na maamuzi ya pamoja, nacho kikanunuliwa sana kwa kuwa wenye viwanda walikuwa na hofu.

Jaribio lililotoa ushahidi mzito zaidi lilifanyika Fremont, California. General Motors ilikuwa imekifunga kiwanda chake cha hapo mwaka 1982, kikiwa na sifa mbaya ya utoro, migomo na magari yenye kasoro, na mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa jina la NUMMI, kama ubia wake na Toyota. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha zamani, chini ya chama kilekile cha wafanyakazi, na mamia yao walipelekwa Japani katika kiwanda cha Takaoka kujifunza. Jambo lililowashangaza ni kamba iliyoning'inia kando ya mstari wa uunganishaji, ambayo mfanyakazi yeyote aliweza kuivuta alipoona kasoro, msimamizi akaja kumsaidia, na ikibidi kazi yote ikasimama. Huko walikotoka, kusimamisha mstari lilikuwa kosa kubwa, na matokeo yake kasoro zilipitishwa kimya hadi mwisho. Kwa utaratibu mpya, taarifa mbaya ilipewa njia ya kupanda kutoka chini kwenda juu bila kumwadhibu aliyeileta.

Ubora wa magari ya Fremont ulipanda katika muda mfupi, na watafiti wakalazimika kukiri kwamba watu walewale, wenye utaifa uleule na alama zilezile za hojaji, walikuwa wakiwasiliana kwa namna nyingine baada ya kubadilishiwa mazingira ya kazi. General Motors, kwa upande wake, ilipata shida kuuhamishia utaratibu huo katika viwanda vyake vingine, ambako mameneja waliweza kuona kamba na mashine lakini hawakuwa tayari kuachia madaraka ambayo kamba hiyo iliwanyang'anya.

Mabadiliko ya nguvu za kiuchumi yalifika pia kwenye vipimo. Mwaka 1987 Michael Harris Bond, mwanasaikolojia aliyefundisha Hong Kong, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya hojaji iliyotungwa kutokana na maadili yaliyopendekezwa na wasomi wa Kichina, ikajibiwa katika nchi 22. Kiliibuka kigezo ambacho hojaji za Magharibi hazikuwahi kukiona, kinachohusu ustahimilivu, uwekaji akiba na kutazama mbali, na Hofstede akakiongeza kuwa cha tano. Ilibainika hivyo kwamba anayetunga maswali huamua kwa kiasi kikubwa kitakachoonekana, na kwamba vigezo vinne vya mwanzo navyo vilikuwa na asili ya Magharibi.

Soko la utamaduni: 1993 hadi 2007

Kuanguka kwa ukuta wa Berlin, kufunguka kwa China na kuenea kwa ubinafsishaji kulizifanya kampuni ziungane kuvuka mipaka kwa kasi, na ushauri wa kitamaduni ukawa bidhaa. Fons Trompenaars alichapisha mwaka 1993 kitabu chenye vigezo vyake mwenyewe, na mradi wa utafiti wa GLOBE ulioasisiwa na Robert House ukatoa mwaka 2004 matokeo yaliyotokana na mameneja wapatao 17,000 katika jamii 62. Kusini mwa Sahara ziliingizwa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Zambia na Zimbabwe, hivyo wasemaji wengi wa Kiswahili walibaki nje ya jedwali hilo.

Muungano wa Daimler-Benz ya Ujerumani na Chrysler ya Marekani, uliotangazwa mwaka 1998 kuwa ni wa walio sawa, uligeuka mfano maarufu kuliko yote ya tamaduni kushindwa kuelewana. Vitabu vya menejimenti vilieleza kwa kirefu jinsi Wajerumani walivyopenda maandalizi marefu na ngazi rasmi, na jinsi Wamarekani walivyozoea maamuzi ya haraka na mishahara mikubwa ya wakuu. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini mwaka 2000 mwenyekiti Jürgen Schrempp alikiri katika mahojiano na gazeti la Financial Times kwamba usawa uliotangazwa haukuwa nia yake tangu mwanzo. Wakuu kadhaa wa Kimarekani waliondoka, na mwaka 2007 asilimia 80.1 ya Chrysler ikauzwa. Lililosababisha kuvunjika kwa imani lilikuwa suala la nani anamiliki na nani anaamua, na neno utamaduni lilitumika kulifunika kwa sababu halimlaumu mtu yeyote.

Ukosoaji wa kitaaluma nao ulikuwa ukikomaa. Mwaka 2002 Brendan McSweeney alionyesha kwamba katika nchi 15 za utafiti wa IBM wajibuji hawakufika 200, akahoji kama inawezekana kulieleza taifa zima kwa majibu ya watumishi wachache wa kampuni moja. Hofstede alijibu kwamba alichopima ni tofauti baina ya mataifa na si nafsi za watu, na mjadala huo haujafungwa. Matokeo yake ya kudumu ni kwamba watafiti wengi waliacha kuuchukulia utamaduni kama tabia iliyogandishwa ndani ya mpaka wa nchi, wakaanza kuchunguza jinsi watu wanavyoutumia, wanavyouficha na wanavyoubadili kulingana na wanayezungumza naye.

Lugha ya mkutano: tangu 2010

Katika kipindi cha karibuni swali la mzigo limejitokeza waziwazi katika lugha ya kazi. Mwaka 2010 Hiroshi Mikitani, mkuu wa kampuni ya Kijapani ya Rakuten, alitangaza kwamba Kiingereza ndicho kitakachotumika katika kampuni yake yote, akiwapa wafanyakazi zaidi ya 7,000 wa Japani muda wa miaka miwili kufikia kiwango kilichowekwa. Hakuna mkoloni aliyeiamuru, na faida ya kuwasiliana na matawi ya nje ilikuwa dhahiri, lakini uamuzi huo uliwafanya watu wenye uzoefu wa miaka mingi wasite kusema mkutanoni, huku ufasaha wa lugha ukichukua nafasi ya umahiri wa kazi.

Afrika imejibu kwa mwelekeo wake. SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Maamuzi hayo yanagusa vikao vya serikali zaidi kuliko mikataba ya kampuni, kwa kuwa mikataba mikubwa ya madini, gesi na ujenzi katika Afrika Mashariki bado huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, mara nyingine pamoja na Kichina. Biashara ndogo imejitafutia njia bila kusubiri matamko: tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, kama wenzao wa miji mingine ya Afrika, wamekuwa wakisafiri hadi Guangzhou nchini China, ambako wakalimani na mawakala, baadhi yao Waafrika waliosomea China, huwaongoza kwa wenye viwanda, hujadili bei na kukagua mzigo kabla haujapakiwa. Programu za simu zinazotafsiri ujumbe papo hapo zimepunguza kazi ya kufasiri maneno, lakini hazijaondoa haja ya mtu anayejulikana na pande zote mbili, atakayeulizwa bidhaa zikifika tofauti na sampuli.

Taaluma iliyoanza kwa kumfundisha Mmarekani kusubiri imeacha urithi wa kweli, kwani meneja anayejua kwamba kimya, kuchelewa au ukaribu vina maana tofauti kwa watu tofauti hufanya makosa machache. Udhaifu wake ni kwamba kwa muda mrefu ilitaka kujua watu wako vipi, ikasahau kuuliza nani analazimika kubadilika kwa ajili ya nani, ilhali historia yake yenyewe inaonyesha kwamba swali la pili ndilo lililoamua la kwanza liulizwe lini na kwa fedha za nani. Kwa kampuni ya leo swali hilo hujibika kwa mambo yanayoonekana: mkataba umeandikwa kwa lugha ipi, nakala ipi inashinda zinapohitilafiana, mkalimani ameajiriwa na upande gani, na mfanyakazi wa chini akigundua kosa ana njia gani ya kulifikisha kwa anayeweza kulirekebisha. Pale ambapo majibu yote yanaelemea upande mmoja, mafunzo ya adabu za wageni hayatazuia kutoelewana, kwa kuwa upande wa pili utakuwa umekwisha kujua kwamba hasara yake haihesabiwi.